Damu Zetu Zimeendana

Mhasibu alinipigia simu saa nne asubuhi. Hakunisalimia, na yeye ni mtu wa salamu ndefu. Alikuwa anacheka mpaka nikasikia kiti chake kinalia.

"Dada, ile fomu uliyotutafsiria, watu wameanza kuijaza."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Kipengele cha saba umewaambia waorodheshe watu wote wenye uhusiano nao wa damu au wa mvuto. Kuna kijana wa stoo kaandika majina manne. La kwanza ni la dada wa manunuzi."

Ofisi yenyewe iko Arusha na sitaitaja, maana kosa ni langu. Wao walichofanya ni kuniamini. Ilikuwa fomu ya mgongano wa masilahi, ile ambayo mfanyakazi anataja ndugu zake ili kesho asije akaonekana kampa shemeji yake zabuni ya kupaka ukuta rangi. Kiingereza chake kilikuwa na maneno mawili yaliyofungwa pamoja kama ng'ombe wa kulimia: consanguinity na affinity. La kwanza halikunisumbua, ni damu. La pili nililiona kama unavyomwona mtu sokoni ukasema huyu namjua. Watu wakikutana wakapendana bila sababu ya maana, Mwingereza anasema wana affinity. Ilikuwa saa saba za usiku, umeme umekatika Rau nzima, betri ya kompyuta imebaki asilimia 11. Nikaandika mvuto, nikatuma, nikalala.

Kwa wanasheria neno hilo halina mvuto wowote. Maana yake ni ukwe: undugu unaoupata kwa kuoa au kuolewa, tofauti na ule unaozaliwa nao. Ningefungua kamusi ya sheria, ambayo iko rafu ya juu na mie nilikuwa nimeshavua viatu, ningeliona mara moja.

Nilirekebisha fomu siku hiyohiyo. Neno lenyewe lakini lilinikaa kooni kama mwiba wa perege. Imekuwaje neno moja libebe mvuto na ukwe? Yeyote mwenye wakwe anajua kwamba hivyo vitu viwili si lazima vilale nyumba moja.

Halafu, kabla sijawacheka Waingereza, nikaanza kujisikiliza mwenyewe ninavyoongea.

Unapanda Coaster pale stendi ya Moshi, unakaa na mama usiyemjua. Mkifika Boma Ng'ombe mmeshagawana ndizi. Mkifika njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA ameshakwambia habari za mtoto wake aliyeacha chuo, na wewe umeshamwambia jambo ambalo hujamwambia hata mdogo wako. Mkishuka Arusha ana namba yako. Jioni unasimulia: "Yule mama, damu zetu zimeendana." Na kinyume chake kipo. Kuna mtu hajakukosea kitu, anakusalimu vizuri, anakuchangia harusi, lakini akiingia tu chumbani unatafuta mlango. Damu haziendani. Tena yupo yule maskini ambaye kila aendako anachukiwa, kazini, kwaya, kwenye kikoba. Huyo tunasema ana damu ya kunguni. Msemo huu nimeutumia maisha yangu yote bila kuutazama. Kunguni ukimponda ukutani, lile doa jekundu ni damu yako wewe. Kwa hiyo mwenye damu ya kunguni tunamchukia kwa damu aliyoitoa kwetu? Sijui babu zetu walifika huko au walikuwa wanasema tu kwa hasira za kukosa usingizi.

Damu hiyohiyo tunaitumia kwa ndugu. Huyu ni damu yangu, damu nzito kuliko maji, tumetoka damu moja. Na zamani, watu wawili wasio ndugu wakitaka kuwa ndugu, walichanjana chale wakachanganya damu, wakawa ndugu wa kuchanjiana, asiweze mmoja kumsaliti mwenzake. Maana yake nasi tumepika mvuto na undugu chungu kimoja. Ila tofauti ni kubwa. Sisi tukikutana na mgeni tukampenda, tunamvuta ndani ya damu, tunamfanya kana kwamba alikuwa wetu siku zote. Mrumi alichukua njia nyingine kabisa.

Neno lake lilikuwa affinis. Ad ni kwenye, kando ya. Finis ni mpaka. Affinis ni mtu wa mpakani, mwenye shamba linalopakana na lako. Ndivyo walivyowaita pia wakwe: watu ambao ukoo wao na ukoo wako vimepakana kwa sababu ya ndoa. Kutoka hapo neno likasafiri mpaka Kiingereza, likaanza kusema pia juu ya tabia zinazokaribiana, roho zinazotafutana, hata viumbe wanaofanana umbo. Mzizi wake lakini ni mstari wa shamba.

Niliposoma hivyo nilifunga kompyuta nikampigia kaka yangu Uru.

Kwa asiyetoka huku, nieleze kidogo. Kihamba ni shamba la nyumbani, la migomba na kahawa, linalorithiwa, na ndani yake wamezikwa wazee wenu. Mpaka wa kihamba na kihamba hauwekwi kwa waya wala kwa nguzo za saruji, ingawa siku hizi wenye pesa za Dar wanaporudi Desemba wanaziweka. Unawekwa kwa masale. Ni mmea wa majani marefu, kijani kibichi, ukikata kijiti ukakichomeka ardhini kinaota, na hata ukiusahau miaka 20 haufi. Ukimwona mtu mzima anatembea taratibu kati ya migomba akigusa masale moja moja, ujue anakagua mpaka.

Na mmea huohuo ndio wa kuombea msamaha. Umemkosea mtu kosa kubwa, la kutoweza kusema tu pole: unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unamtuma mtu mzima alipeleke. Aliyeletewa sale hatakiwi kukataa. Anaweza kununa, anaweza kudai mbuzi, lakini mlango amefungua. Nimeishi na mmea huu tangu nizaliwe na sikuwahi kujiuliza kwa nini unaotenganisha ndio unaopatanisha.

Baba na Mzee wa Bondeni waligombana nilipokuwa darasa la tano. Kwa kawaida majirani wa kihamba ni ukoo mmoja, unapopakana na mtu unapakana na baba mdogo. Huyu hakuwa wetu. Babu yake alishuka kutoka Kibosho enzi za uchifu akapewa eneo. Asubuhi moja baba aliona masale ya upande wa bondeni yamesogea. Masale hayatembei. Baba alipima kwa nyayo, kisigino kwa kidole, amevaa mabuti ya mpira, anahesabu kwa sauti ili bondeni wasikie. Zilipungua nyayo tatu. Nyayo tatu za ardhi, kwenye mlima ambao kila familia inagawana mpaka kivuli cha mgomba, si jambo dogo.

Kiswahili kina kauli yake hapa ambayo ninaipenda. Kuvutiana ni kupendana, lakini kuvutana ni kugombana. Herufi moja tu imetoka. Mvuto ni wa mtu mmoja akitazama mwingine. Wakishika kamba wote wawili, kila mmoja akavuta kwake, tayari ni mvutano. Magazeti yetu yamejaa mvutano wa ardhi. Baba na Mzee wa Bondeni walivutana miaka mitatu bila kusalimiana. Kanisani walikaa benchi tofauti, na padri akifika kwenye kupeana amani, kila mmoja aligeukia upande mwingine kwa haraka ya ajabu.

Mama hakugombana. Mama na mke wa Mzee walikuwa na biashara ya chumvi, kiberiti na majivu ya moto, kama wanawake wote wa mlimani, na hawakuona sababu ya kuifunga kwa ajili ya nyayo tatu. Wasingeweza kuvuka mpaka mchana wenyewe. Wakatuma watoto. Upande wetu alitumwa kaka, upande wao binti yao wa pili.

Sale lilikuja alfajiri, mwezi wa sita. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimewasha moto, na aliyelileta ni mzee wa ukoo mwingine kabisa, mwenye koti la mvua la jeshi. Hakuingia. Aliliweka jani juu ya kigoda nje ya mlango, fundo likitazama ndani, akasimama pembeni akitazama migomba kana kwamba amekuja kuinunua. Baba alikuwa na kikombe cha chai. Alilitazama lile jani mpaka chai ikaacha kutoa mvuke. Halafu akakiweka kikombe chini, akalichukua jani, akaingia nalo ndani bila kusema neno. Jumamosi yake kulikuwa na mbege nyumbani na masale yalirudishwa nyayo mbili. Ya tatu ilisamehewa. Mpaka leo baba akiwa amekunywa huitaja.

Miaka 11 baadaye kaka alimwoa yule binti wa chumvi.

"Kwa hiyo," nikamwambia kaka kwenye simu, "kwa Kilatini baba na Mzee wa Bondeni ni affines mara mbili. Kwa shamba na kwa ndoa."

Kaka alinyamaza kidogo. "Umepiga simu kwa ajili ya hilo?"

Kiswahili kina jina la uhusiano wa wazee hao wawili, na nina uchungu kwamba linakufa. Wazazi wa mume na wazazi wa mke ni vivyere. Baba ni kivyere wa Mzee wa Bondeni. Waulize vijana kumi pale Double Road, nadhani hutapata hata mmoja anayelijua. Vilevile mwanyumba, wanaume wawili waliooa dada na mdogo wake. Mavyaa, mama wa mwenzi wako. Bavyaa, baba yake. Mwamu, shemeji yako. Mkaza mwana, mke wa mwanao. Lugha iliyotengeneza maneno haya ilijua kwamba ukwe si kitu kimoja, kila kona ina adabu yake: huyu unataniana naye, huyu humtazami usoni, huyu hali mbele yako. Sasa tumebaki na mkwe na shemeji, na shemeji nalo limeingia barabarani. Bodaboda wa Mbuyuni wananiita shemeji. Hawajui nimeolewa na nani, wala kama nimeolewa. Jamaa nalo ndivyo lilivyokwenda. Jamaa ni ndugu zako, na kutoka hapo Mwalimu akatupa ujamaa, ukaandikwa kwenye Azimio la Arusha mwaka 1967. Na jamaa huyohuyo leo ni mtu yeyote usiyemjua aliyekukanyaga sokoni.

Mimi mwenyewe nimeolewa na Mpare, na Wapare na Wachaga ni watani. Siku ya posa wazee wao walianza kwa kuuliza kama ni kweli Mchaga akizimia anaamshwa kwa kudondoshewa sarafu sikioni. Wa kwetu wakajibu kwamba wana haraka, wasije wakashtakiwa kwa kuchelewesha kikao, maana Mpare huuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Utani huu nao ni wa watu waliopakana. Sijawahi kusikia Mchaga akimtania Mmakonde kwa moyo wa namna hiyo. Utaanzia wapi?

Kanisa na serikali nao wana mengi ya kusema juu ya ukwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 14, baada ya kumaliza ndugu wa damu, inaendelea: usioe mzazi, bibi, mtoto wala mjukuu wa mwenzi wako, hata kama ndoa ilishakwisha. Ndoa imekufa, ukwe uko hai. Katika kanisa Katoliki vizuizi hivi vilikuwa virefu zaidi, vya damu na vya ukwe pia, mpaka kizazi cha saba. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ndio ulioshusha mpaka cha nne. Fikiria Uru kwa hesabu ya vizazi saba. Tusingeoana hata mmoja, tungeagiza wachumba kutoka Songea. Na Henry wa Nane wa Uingereza, aliyekuwa amemwoa Catherine, mjane wa kaka yake Arthur, alipomchoka aligundua ghafla kwamba huyu alikuwa shemeji yake na ndoa ni dhambi. Papa hakukubali, na mwaka 1534 mfalme akawa na kanisa lake. Bibi yangu nilipomsimulia hakuamini. Kwake mjane wa kaka ni mzigo unaobeba kwa heshima, si dhambi unayoikimbia. "Alikuwa anataka mwingine tu," akasema, na wanahistoria hawajaenda mbali sana na hapo.

Mpaka hapa nilikuwa nafurahi na wakwe zangu na Kilatini changu. Kilichonivuruga ni kemia.

Babu alikuwa anapuliza kahawa kwa mrututu. Wa Kilimanjaro mnaujua: chenga za bluu, bluu ya kutisha, unaloweka kwenye maji, unachanganya na chokaa, unapuliza majani kuzuia ugonjwa wa kahawa. Ndoo ilikuwa ya plastiki na mwiko wa mti, na babu alikataza chuma kisiguse. Mimi nikiwa na miaka tisa nilitumbukiza msumari wa inchi nne kwenye maji ya mrututu kabla chokaa haijaingia, nione kitakachotokea. Nilipoutoa ulikuwa mwekundu. Si kutu, wekundu wa sufuria mpya ya shaba. Niliufuta kwa kidole, ukatoka kama unga. Niliamini nimetengeneza dhahabu, nikaufukia chini ya mgomba.

Mrututu ni shaba iliyoshikana na salfeti. Chuma kikiingia majini, salfeti inaiacha shaba na kushika chuma, na shaba iliyoachwa inakwenda kujibandika juu ya msumari, haina pa kwenda. Mwaka 1718 Étienne François Geoffroy aliweka mbele ya chuo cha sayansi cha Paris jedwali la safu 16 za uhusiano wa namna hii. Juu ya kila safu kuna kitu kimoja. Chini yake wamepangwa wanaokitaka, mwenye nguvu juu, mnyonge chini. Wa juu akifika, wa chini anaondoka. Kwenye safu ya asidi inayozaa salfeti, chuma kiko juu ya shaba, kama msumari wangu ulivyosema. Geoffroy mwenyewe alilikwepa neno affinity, akatumia neno la Kifaransa lenye maana ya uhusiano tu, lakini waliofuata hawakuwa na woga huo, na kwa miaka mingi kemia yote ilizungumzwa kwa lugha ya wachumba na wakwe: nani anamtaka nani zaidi, nani atamwacha nani akija mwingine.

Ni picha tamu. Na ina ubaridi ndani yake, kwa sababu msumari haukuposa mtu, wala shaba haikuulizwa.

Ubaridi wenyewe niliuona Ngaramtoni. Ilikuwa Julai, kwa wifi yangu, baridi ile ya Meru inayoingia mpaka kwenye meno. Usiku tulipomaliza kupika wifi aliingiza jiko la mkaa chumbani tulimolala wanawake na watoto. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu mtupu, hauna moshi hata kidogo, na sote tulijua kwamba hatari ni moshi. Tukaziba chini ya mlango kwa kanga.

Aliyetuokoa ni mavyaa, na hakukusudia. Aliamka kwenda uani, miguu ikamkataa, akaanguka juu ya masufuria. Kelele zile ziliniamsha nikiwa na kichwa kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, na mtoto niliyemkumbatia alikuwa mlegevu kama nguo iliyoloweshwa. Mavyaa akiwa palepale sakafuni alivuta ile kanga akasukuma mlango kwa mguu. Tulikaa nje kwenye umande mpaka kukapambazuka, tukitapika kwa zamu. Hakuna aliyekufa.

Miaka miwili baadaye nililetewa kipeperushi cha afya nikitafsiri, kuhusu jiko la mkaa ndani ya nyumba, na katikati ya aya ya pili nikakutana naye tena, yule mtu wa mpakani. Mkaa unaowaka penye hewa kidogo hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta inaingia kwenye damu, mahali palepale ambapo himoglobini hubebea oksijeni. Na himoglobini ina affinity na kaboni monoksidi zaidi ya mara 200 kuliko iliyo nayo kwa oksijeni. Yaani inamshika mgeni na kumwachia wa nyumbani. Oksijeni ipo chumbani, unaivuta, haipati kiti.

Nilikaa na sentensi ile muda mrefu kuliko malipo ya ukurasa yanavyoruhusu. Damu! Hii tunayoisikiliza ituambie nani wa kumpenda kwenye Coaster, hii tunayosema ni nzito kuliko maji, ukiipa nafasi ya kuchagua inachagua hewa itakayoiua, na inaichagua kwa mapenzi mara 200. Na aliyefungua mlango usiku ule hana tone la damu yangu. Ni mama mtu wa Ugweno niliyepakana naye kwa sababu mwanawe alinitumia ujumbe mrefu siku moja mwaka wa pili wa chuo.

Mwishowe niliandika kwamba damu huing'ang'ania hewa hiyo. Mhariri wa kipeperushi akauliza kama damu inaweza kung'ang'ania. Nikamwambia ndicho kitu pekee inachoweza.

Kwa neno lenyewe, bado nilitaka neno moja la Kiswahili linalobeba yote mawili, na karibu nikate tamaa. Aliyenipa ni ustadhi mmoja wa Majengo tunayesaidiana kazi za Kiarabu. Alisema, mbona mnalo: mnasaba. Tunalitumia kwenye hotuba bila kulionja, "kwa mnasaba huo". Mzizi wake ni mmoja na nasaba, ukoo. Na katika Kiarabu mzizi huohuo ndio unaotoa neno la kitu kinachofaa, kinachokwenda na kingine. Nikadakia, na nasibu je, bahati? Akacheka. Nasibu ni ya swadi, nasaba ni ya sini. Kwa masikio ya Kiswahili ni ndugu, kwa Kiarabu hawajuani. Halafu akanisomea aya ya 54 ya sura ya Al-Furqan, ambayo mimi Mkatoliki wa Uru sikuwahi kuisikia: Mungu amemuumba binadamu kutokana na maji, akamjaalia nasaba na ukwe. Vyote viwili, kwa pumzi moja, vimetoka majini.

Ukoo na kufaa, mzizi mmoja. Bibi yangu angesema undugu ni kufaana si kufanana, na yeye Kiarabu chake kiliishia kwenye jina la duka la Mbuyuni alikonunua chumvi.

Kwa hiyo ningependa kuwaambia kwamba fomu ya Arusha sasa inasomeka "uhusiano wa damu au wa mnasaba". Haisomeki hivyo. Kijana wa stoo angeandika majina sita. Niliandika "kwa damu au kwa ndoa", maneno ya kawaida, nikatuma, nikampigia mhasibu kuhakikisha amezikusanya zile za zamani.

"Nimezikusanya, nimezichana," akasema. "Imebaki moja."

"Ya nani?"

"Ya kijana. Dada wa manunuzi kaomba aione kwanza."